Futi Inayoanzia Kumi

9 Januari

Baba yako ameshika msumeno!

Umesoma sawasawa, usirudie mstari. Msumeno uleule uliolala chini ya kitanda miaka sita, umeviringishwa gunia. Jumatatu asubuhi nasikia krrr, krrr, nikasema panya wa nyumba hii sasa wameota meno ya chuma. Natoka na ufagio, namkuta mzee kapiga magoti mbele ya mlango wa chumba cha mbele, unga wa mbao umemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, "Mzee, kulikoni?" Akasema, "Mlango huu mwembamba." Basi, krrr, akaendelea. Mlango kauweka yeye kwa mikono yake wewe hujazaliwa, leo ndiyo kagundua ni mwembamba!

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Kazi haijambo? Mimi sijambo, cherehani yangu haijambo, goti ndilo linalonidai mvua ikikaribia. Baba yako anakula vizuri. Shangazi yako amerudi salama kutoka safari yake, amechoka kidogo, anasalimu.

Mlango umekwisha. Alipima mwenyewe, akakata, akaweka fremu mpya: sentimita tisini. Bwana Redio, yule jirani fundi wa redio ambaye masikio yake yanashika mawimbi yote ya mtaa, alikuja kuchungulia. Akasema, "Mama Cherehani, mna kibali cha kubomoa ukuta?" Nikamwambia, "Unamuuliza nani habari za kibali? Mwanangu mimi ndiye anayesema nyumba gani isimame na gani isisimame. Huko aliko, wahandisi wenye tai wanamsubiri kwenye benchi." Akanywea kama mwavuli.

Lakini baada ya kumfukuza nikaingiwa na wasiwasi, maana mimi niliishia darasa la sita na sheria zenu sizijui. Kwa hiyo nakuuliza. Ni vitu gani mtu anaweza kubadilisha nyumbani kwake bila kwenda kuomba kibali? Mlango? Dirisha? Ngazi ya nje? Kiukuta kidogo? Niandikie vyote, kimoja kimoja.

Najua neno kibali ni zito katika nyumba hii. Ulipochora alama nyekundu kwenye banda la useremala la baba yako, kwa kuwa lilikaa juu ya mfereji wa mvua, mtaa ulisema nimezaa nyoka. Nikawaambia hapana, nimezaa rula. Rula haipindi ati kwa sababu aliyeishika ni baba yake. Lakini banda lilivunjwa, na futi yake ya chuma na nusu ya vyombo vikafukiwa humo humo. Baba yako akakutupia ile kauli mlangoni. Wewe ukaomba uhamisho, hujakanyaga hapa tena. Nami nikabaki bawaba: huku nimepigiwa msumari kwenye mlango, huku kwenye fremu.

Jibu upesi. Anayeuliza ni mimi, si mtu mwingine.

Mama yako


27 Januari

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisomea ofisini, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepandishwa cheo. Mimi mzima. Kazi ipo. Siku hizi nimewekwa mezani tu, nasoma ramani zinazoletwa. Sitoki kwenda kukagua majengo kama zamani. Si kitu, ni mpango wa ofisi.

Nakujibu kama nilivyoulizwa. Kupaka rangi, kubadili sakafu, kubadili bati kwa bati, kuweka dirisha jipya katika nafasi ya lile la zamani: havihitaji kibali. Kupanua mlango wa ndani hakuhitaji, mradi ukuta huo haubebi paa. Ngazi ya nje mnaweza kuibadili, ilimradi mbaki ndani ya kiwanja chenu na msiguse mfereji. (Samahani kwa kutaja mfereji.) Ukuta ulio upande wa barabara usizidi mita moja kwenda juu. Ukizidi hapo, hata kwa upana wa kidole, unaomba kibali.

Kinachohitaji kibali ni kuongeza chumba, kuchimba msingi mpya, au kugusa kinachobeba nyumba.

Sasa na mimi niulize. Sentimita tisini ni mlango mpana kwa chumba cha kulala. Mnataka kuingiza nini? Kabati? Ng'ombe?

Na shangazi alisafiri kwenda wapi? Kama alipita huku, mbona hakunitafuta?

Baba nisalimie kama mnaona salamu zangu zitapokelewa. Kama sivyo, ziweke kwenye kopo la vifungo mpaka siku yake.

Ni mimi mwanao


18 Februari

Marahaba mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, karibu na dirisha, na nje ya dirisha hilo alikuwepo mtu anapiga randa. Randa ilinyamaza nilipofika kwenye ukuta wa mita moja. Mimi sisemi zaidi.

Hatujambo. Paka amezaa ndani ya kikapu cha vitambaa, juu ya gauni la bibi harusi. Bibi harusi hajaambiwa.

Ng'ombe hatuna, wala kabati. Watu wakizeeka nyumba nayo inataka kunyooshwa mgongo, ndiyo habari yenyewe. Shangazi alikwenda kwa mambo yake. Mjini kwenu kukubwa, mtu anaweza kupita asione mtu.

Basi sikia maendeleo. Zile ngazi tatu za mbele ulizojipasulia kidevu utotoni hazipo. Baba yako amezivunja, anajenga mteremko wa saruji kutoka lango mpaka kizingitini, na kizingiti chenyewe kakisawazisha na sakafu. Amesimama hatua nzima kabla ya mfereji, nikamwambia hata nusu hatua ingetosha, akaendelea kumwaga saruji. Pembeni ya mteremko, upande wa barabara, kuna kiukuta ili mtu asichopoke. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema wa urefu gani. Wetu nimeupima mimi mwenyewe, sentimita mia na kumi. Unapendeza kama kola iliyopigwa pasi.

Ndani ya bafu la zamani kaweka bomba la kushikia ukutani. Jikoni kateremsha rafu zote, sasa sahani ziko usawa wa kiuno changu. Nikamuuliza, "Na mimi je, niinamie sahani kila siku?" Akasema, "Utazoea."

Swali ni hili: mteremko ukipanda sentimita moja, uende mbele sentimita ngapi ili usiwe mkali? Na sakafu yake isuguliwe iwe laini au iachwe na mikwaruzo?

Bwana Redio anasema kiukuta kimezidi na atakwenda kutushitaki. Nimemwambia aende, na anipelekee salamu.

Mama yako


4 Machi

Shikamoo Mama,

Niliposoma "mia na kumi" nilichukua kalamu palepale. Nikakuandikia nusu ukurasa wa kukukemea: umezidisha sentimita kumi, mtavunjiwa tena, nyumba ileile, safari hii sipo hata kusimama mbele ya tingatinga. Kisha nikaacha kalamu nikacheka. Umepima kwa futi yako ya kushonea!

Futi yetu inayoanzia kumi. Nilikuwa na miaka saba nilipoikata mwanzo wake nimfunge mwanasesere mkanda, nawe badala ya kununua nyingine ukatufundisha nyumba nzima kusema "toa kumi". Darasani nilipigwa kwa kutoa kumi katika rula ya mwalimu. Basi kiukuta chenu ni mita moja kamili. Mwambieni Bwana Redio aje na futi yake.

Mteremko: ukipanda sentimita moja, nendeni mbele kumi na mbili. Uachwe na mikwaruzo. Na Mama, swali hilo si lako. Mimi nimelelewa juu ya maranda ya mbao, swali la seremala nalijua hata likija limevaa kanga ya mtu mwingine.

Nimefurahi kwamba anauliza, sikufichi. Lakini furaha yangu haitulii. Kazi yangu ni kusoma ramani ya nyumba ambayo sijaiona na kujua nani atakaa humo. Mlango mpana. Mteremko. Kizingiti kimeondolewa. Bomba la kushikia bafuni. Sahani usawa wa kiuno. Ramani hii inasema ndani ya nyumba hiyo yupo mtu asiyetembea.

Ni Baba? Ni miguu? Anafanya kazi akiwa amepiga magoti kwa sababu hawezi kusimama? Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie.

Mwanao


2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Nimechelewa. Si posta, ni mimi.

Hatujambo. Watoto wa paka wamefumbua macho. Bibi harusi ameambiwa, amelia, nimemshonea gauni jingine zuri kuliko la kwanza, sasa anataka na paka mmoja.

Baba yako anatembea. Jana alipanda juu ya paa kuziba tundu, akashuka, akapanda tena kuchukua nyundo aliyoisahau. Hana ugonjwa wowote isipokuwa kiburi, nacho kimepungua.

Kwa hiyo swali lako nakurudishia. Nani hatembei? Wewe niambie, mwanangu.

Shangazi yako alifika huko, mwezi wa Desemba. Alitaka kukushtukiza. Akasimama ng'ambo ya barabara mbele ya ofisi yenu, saa ya watu kutoka kazini, kitambaa nilichompa akuletee kiko kwapani. Anasema mlango ulifunguliwa, mwenzako akauzuia kwa mguu, ukatoka umekaa. Unasukuma magurudumu kwa mikono yako, faili mapajani, unamcheka mtu kwa jambo fulani. Ulipofika kwenye ngazi walinzi wawili wakakunyanyua na kiti chako kama meza ya kuhamisha. Shangazi alijificha nyuma ya kibanda cha magazeti akalia mpaka muuza magazeti akampa kiti. Hakuweza kuvuka barabara. Aliona ukimwona utaaibika, na yeye ataaibika kwa kukuona.

Alituambia mezani. Baba yako alisukuma kikombe, chai ikapoa na kufanya utando. Siku tatu alikuwa akiingia na kutoka chumba cha mbele. Siku ya nne ndiyo ile Jumatatu ya msumeno.

Hatukukuuliza. Mimi nashona miaka arobaini, mteja akija na kovu analolificha simwambii "vua nilione"; namkatia shingo ya gauni inayompendeza, akijisikia ataeleza mwenyewe. Lakini wewe umenitupia methali ya kuficha maradhi, basi na ikae kwako kidogo uione uzito wake.

Na ofisi yenu! Ndiyo inayoamuru milango ya watu, yenyewe haina mteremko? Mpe mkubwa wako anwani yetu, baba yako atamchorea.

Limebaki moja. Lile bafu la zamani ni finyu, kiti hakigeuki humo. Nimejaribu kwa kigoda na beseni. Baba yako anataka kuongeza bafu jipya, limeegemea ukuta wa nyuma, mlango wake utokee chumba cha mbele. Msingi, kuta tatu, bati. Liko mbali na mfereji, mbali na barabara, halionekani hata na Bwana Redio. Unajua aliapa hatakanyaga tena ile ofisi ya vibali maisha yake yote, na unajua yeye akiapa. Basi andika tu "halihitaji". Neno moja. Ukiandika wewe, atajenga. Ukiandika linahitaji, naogopa msumeno utarudi chini ya kitanda, na mlango nao utajifunga.

Kitambaa kiko huku. Ni cha buluu.

Mama yako


10 Mei

Shikamoo Mama,

Wiki tano barua yako ipo ndani ya saraka, nikiifungua saraka naifunga.

Ilikuwa Mei, mwaka jana. Ghorofa ya tatu, jengo lenye kibali, nimekisaini mwenyewe. Nilikanyaga ubao wa jukwaa la mafundi, haukuwa umepigiliwa. Ni nyonga na mgongo wa chini. Hospitali miezi miwili. Daktari anasema magongo labda, mwakani labda. Kwa sasa ni kiti, na mikono yangu imekuwa kama ya mkata kuni. Siteseki, Mama. Naishi, nafanya kazi, nacheka, kama shangazi alivyoona.

Sikuwaambia kwa sababu ya Baba. Si kwamba namwogopa. Unakumbuka kauli yake mlangoni: "Na wewe utaanguka kama banda langu lilivyoanguka." Nilipokuwa nakwenda chini, kabla ya kufika, niliisikia kama kaisema muda huo. Mimi siamini kwamba neno lilinisukuma. Ni ubao, na fundi mvivu. Lakini nilijua yeye ataamini. Nikaona bora anichukie miaka sita mingine kuliko ajione yeye ndiye aliyenivunja. Kumbe anajua tangu mwanzo wa mwaka, na mimi huku nampa hesabu za mteremko wangu mwenyewe!

Sasa bafu. Nimeandika "halihitaji" mara mbili, nimechana karatasi mara mbili.

Linahitaji, Mama. Ni chumba kipya chenye msingi mpya. Sikuweza kumwandikia uongo alipopoteza banda. Nikimwandikia leo kwa faida yangu mwenyewe, basi banda lile lilivunjwa bure. Mwambieni hivyo hivyo nilivyoandika. Akiweka msumeno chini nitaelewa. Nitaoga kwa beseni, au sitakuja, lakini asijenge bila karatasi.

Na jambo jingine. Ule mlango wa tisini, mlisema alipima mwenyewe. Kwa futi gani? Yake ilifukiwa. Kama ni ya kwako, na kama seremala alisoma tisini akaamini ni tisini, basi mlango ni themanini. Kiti changu ni sitini na tano, lakini mikono inayosukuma nayo inataka njia yake, hasa kuingia nikitokea ukumbini kwa kukata kona.

Natuma kifurushi pamoja na barua hii. Ni futi ya chuma, mita tano. Inaanzia sifuri. Si lazima aijue imetoka kwa nani.

Mwanao


22 Juni

Ameuvunja tena mlango!

Ngoja nianze vizuri. Marahaba mwanangu. Mimi nililia, nikapangusa, nikashona, nikalia tena juu ya sare za shule ishirini na nne. Kama zina chumvi wazazi wasiniulize. Sasa nimemaliza kulia, sikiliza.

Barua yako nilimsomea yote. Nilitaka kuruka ile kauli, nikaona nikiiruka na mimi nitakuwa najenga bila kibali. Nikaisoma. Alikuwa anachonga mpini wa tindo. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akaweka tindo chini, akatoka nje, akaenda kusimama pale lilipokuwa banda. Nikasema basi, yamekwisha.

Aliporudi alifungua kifurushi. Akaivuta ile futi ya chuma, akaiachia, tap! Akaivuta tena. Kisha akaenda kwenye mlango, akapima. Akapima tena. Akakaa chini sakafuni, mwanaume mzima, akaanza kutikisika mabega. Nikakimbia nikidhani analia. Anacheka! "Themanini," anasema. "Mama Cherehani, miaka arobaini seremala, nimeshindwa na mkanda wa mwanasesere." Ule ukuta ulivunjwa siku hiyo hiyo.

Lakini bafu hakulitaja. Siku ya kwanza, ya pili. Alhamisi asubuhi naamka namkuta anapiga pasi shati lake jeupe, anaiunguza kola. Nikamwambia, "Unakwenda msibani?" Akasema, "Naenda ofisi ya zamani ya mwanao." Nikamnyang'anya pasi, nikajivisha upesi, nikamfuata. Nisingekosa hilo hata kwa dawa.

Foleni mpaka barazani. Dirishani yupo kijana mmoja mnene mwenye miwani. Baba yako akampa mchoro alioupiga kwa penseli, kila kipimo kimeandikwa. Kijana akatazama, akatazama jina, akainuka kwenye kiti. "Mzee, wewe ndiye baba yake Bi Sentimita?" Kumbe huko nyuma mafundi walikuita Bi Sentimita, na hukuniambia! Nimeshawaambia mtaa mzima. Kijana akasema wewe ndiye uliyemfundisha kazi, akasema, "Lete hapa mzee, pita kwa mlango wa pembeni, leo leo unaondoka nacho."

Baba yako hakusogea. Akasema, "Mwanangu hakunipitisha mlango wa pembeni. Na wewe usinipitishe." Akarudi kwenye mstari nyuma ya mama mmoja mwenye ramani ya banda la kuku. Tulisimama saa tatu nzima, goti langu linaimba. Nikamwambia yule mama, nikawaambia na waliokuwa mbele yake, nikamwambia na askari: bafu hili ni la binti yangu, na aliyekataa lijengwe bila kibali ni yeye mwenyewe. Baba yako akasema, "Mama Cherehani, nyamaza." Lakini hakusema kwa ukali.

Kibali kimetoka juzi. Nimekitia fremu, kinaning'inia ukutani baina ya picha yako ya kuhitimu na yetu ya ndoa, nacho kinapendeza kuliko zote mbili kwa sababu kina muhuri.

Nilimwambia aandike mwenyewe japo mstari mmoja. Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, ila safari hii aliinywa hivyo hivyo. Haya hapa maneno yake.

*Kauli ile nimeirudisha. Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo. Mlango sentimita tisini, futi ya chuma. Baba.*


8 Julai

Shikamoo Mama. Shikamoo Baba.

Nimeukata ule mstari wa Baba kwa mkasi, nimeubandika juu ya meza yangu. Wenzangu wanadhani ni kipimo cha mradi.

Likizo nimepata, inaanza katikati ya Agosti. Mwenzangu wa meza ya pili atanisindikiza. Anataka kumwona mtu aliyerudi kwenye foleni. Mkubwa wetu naye nimemwonyesha barua yako ya Aprili. Amekuna kichwa, wiki iliyopita wameleta saruji mbele ya ngazi. Sijui wataimaliza lini, nami nimewaambia moja kwa kumi na mbili.

Semeni siku. Nami nitaijia.

Mwanenu


30 Julai

Hujambo mwanangu, hatujambo wote, na barua hii ni fupi kwa sababu napaka rangi.

Bafu limesimama. Mkaguzi alikuja, yule kijana mnene, akapima kila kitu, hakukuta kosa, akabaki kulitazama tu. Ameomba mchoro auonyeshe wengine. Baba yako akamwambia, "Uwe na penseli yako." Bwana Redio naye kaja na ombi: eti mamake ana miguu mibaya, je, mteremko kama wetu unahitaji kibali? Baba yako amekwenda kumpimia, futi ya chuma kiunoni kama bastola.

Mapazia nimeshona kwa kile kitambaa cha buluu. Yanafika hadi mkono wako utakapofika ukiwa umekaa. Nimekaa kwenye kigoda nikajipima. Futi yangu ya zamani sijaitupa. Baba yako kaitundika msumarini nyuma ya mlango wako, anasema nyumba isisahau.

Shangazi atakuwepo, nimemwambia safari hii avuke barabara. Bwana Redio na mamake watakuwepo. Bibi harusi na paka wake watakuwepo. Kijana mnene amejialika. Baba yako kila jioni anakaa kwenye kiukuta cha mita moja, anatazama upande ule magari yanakotokea, nikimuuliza anasema anakagua saruji.

Rangi ya mwisho itakauka wiki inayotangulia, usije mapema ukachafua magurudumu. Andika tarehe hii mahali utakapoiona, uisome kama ilivyo: tunakungoja sote Jumamosi, kumi na sita Agosti. Usitoe kumi.